Dawati la Nyuma Lisiloitwa Jina

Najua utasema, huyu naye ameanza. Sema tu. Hata mke wangu alisema hivyo, mpaka alipoisikia simu ya kutoka Kimbiji kwa masikio yake. Haya yalinipata mie mwenyewe, Gongo la Mboto, alasiri ya mvua, nikiwa na akili zangu timamu.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu. Nakaa na maikrofoni pembeni ya televisheni, wahusika wanasema Kizungu chao, mie nawasemea Kiswahili. Tena nawabandika majina ya watu wa mtaani, hapo ndipo watu wanapovunjika mbavu. Na sie watafsiri tuna mwiko mmoja: kimya. Ukinyamaza kidogo tu, wanasema umeishiwa.

Siku hiyo mwenye kibanda, Mzee Salehe, Mwarabu mwenye duka la jirani, aliniletea filamu ya kale ya Waingereza, ya vichekesho, haina hata rangi. Ni shule ya bweni, watoto watukutu, na mwalimu mkuu wa joho jeusi anayepakiwa gundi kwenye kiti kila akigeuka.

"Marehemu baba aliipenda sana hii," akaniambia. "Ila kuna mahali mwalimu anaita mahudhurio. Akifika dawati la nyuma ananyamaza. Na wewe nyamaza, mwanangu."

"Sawa, mzee," nikamjibu, nikidhani ni mambo ya wazee tu.

Watu walicheka, niamini. Kile Kiingereza kilikuwa cha kutokea puani, nusu sikukielewa, nikawa natunga. Likaja darasa. Mwalimu anaita, mie namsemea: "Juma Muuza Chipsi!" Nipo! "Shabani wa Bodaboda!" Nipo! Akafika dawati la nyuma, tupu, akanyamaza. Kimya kikarefuka. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akapayuka, "Braza kaishiwa huyo!" Ulimi ukaniteleza, nikataja jina lililokuwa karibu: "Hamisi wa Kimbiji!" Hamisi ni mdogo wangu, tumbo moja, analima mihogo huko.

Mwalimu mkuu akageuza shingo. Hakulitazama darasa, alinitazama mie. Kisha akanyoosha fimbo mlangoni, na mwanafunzi mmoja akaingia, kaptura na tai, akaenda kukaa kwenye lile dawati. Alikuwa Hamisi wa utotoni, na kovu lake juu ya jicho pale alipoangukia jembe. Wenzangu wanacheka tu, wao wangemjuaje? Niliogopa, wallahi, sijawahi kuogopa vile.

Simu ikaita mfukoni. Mke wa Hamisi, analia: "Shemeji, Hamisi kaanguka shambani, hapumui!"

Ungefanya nini? Nikasema kwenye maikrofoni, "Hamisi, toka humo, nenda nyumbani!" Hakusogea. Mwalimu alikuwa anasubiri, na wale watukutu wote wametulia kama wako msibani. Ndipo nikaelewa. Jina limeshaitwa, lazima mtu aitike, na Hamisi alikuwa anaanza kufungua mdomo.

Nikamuwahi. "Nipo, mwalimu," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Dawati likawa tupu, filamu ikaendelea, ndoo ya maji ikammwagikia mtu, kibanda kikacheka. Kwenye simu shemeji akapiga kelele, "Kakohoa! Kafumbua macho!"

Kazi ile niliiacha. Mzee Salehe aliichoma filamu yake, haikusaidia kitu. Kila alasiri, popote nilipo, ile sauti ya puani inaita jina la mdogo wangu, na mie naitika. Siku moja nilikuwa kwa kinyozi Kinondoni, wembe uko juu ya mdomo wangu, kaniambia nisitikisike. Nikachelewa. Hamisi alianguka tena, simu akaipokea mke wangu nyumbani, na mkono wa kushoto wa Hamisi mpaka leo haushiki jembe.

Wewe unayependa kuchekesha watu, chekesha. Lakini jina la mtu wako usilitupe palipoachwa wazi, hujui nani anasubiri kulisikia. Na ukinikuta barabarani nimekatiza maongezi nikasema, "Nipo, mwalimu," usicheke, wala usinisemeshe kwanza. Hamisi ana watoto wadogo.