Bamba Moja la Mama Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo aliyoipinda yeye ilichakaa kitambaa huku pindo bado limeshika. Alishona sare za shule tangu wanawe wanatambaa chini ya cherehani, na miaka yote hiyo alipikia kwenye ubao uliovimba kwa maji, mende wakaufanya kwao. Mwisho akasema basi, imetosha. Anataka kaunta ya granaiti.

Fundi mawe akaja, akapima jiko, akakuna kichwa.

"Mama, hapa ni mabamba mawili. Halafu kuna matofali ya kuegemeza, saruji, gundi, na mkono wangu."

Fedha ya bamba moja na hivyo vingine ilikuwepo. Ya bamba la pili haikuwepo, labda auze cherehani yake ya kudarizi, iliyokuwa ikimpa kazi za harusi. Na wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa keshaisikia habari.

"Mie sikuharakishi, wifi yangu," alisema, mkono tayari uko kwenye gurudumu la cherehani. "Ila ukiamua kuuza, usinipite. Nitakupa bei ya undugu."

"Bei ya undugu naijua. Ndiyo ile ya kuniliza."

Wakacheka wote wawili, lakini moyoni Mama Pindo hakucheka. Wifi alipotoka tu, alichukua karatasi za kaki, zile anazokatia mifano ya magauni, akakata jiko lake lote: kipande kirefu cha dirishani, chenye sinki, cha pili cha ukutani, na kidogo cha ubavuni mwa jiko la gesi, cha kuwekea sufuria. Akazikunja, akazitia kwapani, huyo mpaka uwanja wa mawe wa fundi. Bamba lilikuwa limelazwa juu ya magogo. Akatandaza karatasi, akageuza hii, akasogeza ile. Zikaenea zote tatu!

"Fundi! Njoo ulione bamba lako moja!"

Fundi akalizunguka bamba, akainama, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mama, hapa umepima makabati ya chini tu. Jiwe lazima litokeze mbele kidogo, maji yasichuruzike milangoni. Mama Pindo mzima, umesahau pindo!"

Wapakiaji wa mawe wakaangua kicheko. Naye akacheka, angefanya nini? Lakini alipoongeza huo upana, vipande viwili vikubwa vikalijaza bamba, na kile kidogo kikambaki mkononi. Akilini akaiona cherehani yake inatoka mlangoni kichwani kwa mpagazi.

Kisha akagusa alama ya sinki aliyoichora kwenye karatasi ndefu.

"Hapa katikati unapafanyaje?"

"Natoboa. Navunjavunja, natupa."

"Unatupa!" Mama Pindo akashika shavu. "Mwanangu, nikikata shingo ya gauni, kitambaa cha shingoni kinanipa mfuko. Wewe mfuko unautupa?"

Akaweka karatasi ndogo juu ya alama ile. Ikaingia yote, pamoja na pindo lake, na nafasi ya msumeno kupita ikabaki.

Fundi akaacha kucheka. "Kulitoa pande hilo zima ni kazi, mama. Likidondoka sijamaliza, linaondoka na ule ukanda mwembamba wa jiwe unaobaki mbele ya sinki. Bamba zima limekwenda."

"Halidondoki. Nisubiri."

Akarudi na magunia mawili ya masalio ya vitambaa, akajilaza chini ya bamba na ukubwa wake wote, akayasindilia mpaka yakagusa jiwe. Fundi akawasha msumeno, maji yakamwagika, uji wa kijivu ukatiririka. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha wa nne. Msumeno ukanyamaza, na jiwe halikushuka hata unywele. Wakalinyanyua zima, pembe zote nne kali kama za sabuni mpya.

Mama Pindo alipiga kigelegele hapo hapo uwanjani, wapakiaji wakamwitikia kwa miluzi.

Kaunta ilipokwisha kujengwa, wifi alifika na fedha mkononi na mpagazi nyuma yake kuichukua cherehani, akamkuta anakatakata vitunguu kwenye kaunta inayong'aa.

"Mabamba mawili hayo?"

"Moja. Nimelipima kwa karatasi zangu za magauni."

Wifi akapapasa jiwe kutoka dirishani hadi kwenye jiko la gesi. Akamrudisha mpagazi.

"Basi wifi yangu, kesho uje kwangu na hizo karatasi zako."

"Kesho siwezi," alisema Mama Pindo. "Kesho nadarizi."