Baba Alininywa Kabla ya Harusi

Siku wakwe walipokuja kwetu ndiyo siku niliyogundua kwamba baba yangu mzazi kaninywa.

Ndiyo, kaninywa. Kanimaliza.

Tulieni niwaeleze.

Kwetu ni Yiwu, milimani huku Yunnan, China. Nilipozaliwa, baba yangu, Mzee Gao, alikandamiza mikate saba ya chai mbichi, ile ya kuachwa izeeke, mipana kama chapati, migumu kama tofali. Akaufunga kila mmoja kwa karatasi, yote saba kwa maganda ya mianzi, akaitundika darini, akatangaza mtaa mzima: "Hii ni Lixian. Itafunguliwa siku ya harusi yake."

Miaka ishirini na sita majirani wanauliza, "Lixian hajambo?" na sijui wananiulizia mimi au chai.

Mimi chai zenyewe hizo hazinipandi. Nipo mjini Kunming, nasimamia kibanda cha chai ya maziwa, ile ya barafu yenye vidonge vya muhogo. Baba anaiita uji wa watoto.

Basi nikampata Junhao, kijana wa Guangzhou. Mpole, ana meno mazuri. Tatizo baba yake.

Mzee Kuang anauza chai kuukuu, na pua yake haidanganyiki. Siku ya kwanza kuniona alisema, "Binti wa milima ya chai, anauza barafu! Makubwa."

Akatoa sharti moja tu.

"Nasikia baba yako ana chai ya umri wako. Nikiinywa nikakuta ni mbichi kweli, imezeeka yenyewe taratibu, nawapa baraka. Watu waliotunza kitu miaka yote hiyo hawatamchezea mwanangu. Ikiwa ya uongo, kila mtu ashike njia yake."

Na Junhao mbele ya baba yake ni kifaranga. Nilijua bila ile chai sina mume. Na nilimpenda, jamani, nilimpenda vibaya.

Siku ikafika. Asubuhi nipo nyumbani Yiwu, nabandika kope, baba kaingia na kikombe.

"Onja."

Nikapiga mafunda mawili. "Mh! Baba, hii inanuka kabati la bibi!" Iliyobaki nikaimwaga dirishani. Kuku wakaja mbio kuangalia.

Baba akakitazama kile kikombe kitupu. "Haya," akasema, akaenda zake.

Saa nne Mzee Kuang kaketi sebuleni, kofia pembeni. Baba akashusha furushi, fundo la kamba likamshinda mara mbili. Nikajua ni furaha ya baba wa bibi harusi. Akavunja kipande, akamimina maji ya moto, akajaza vikombe.

Nyeusi tii. Nyeusi kama mchuzi wa soya.

Hata mimi wa barafu nilijua huu ni msala. Chai mbichi ikizeeka miaka hiyo, maji yake huwa mekundu, yanang'aa, unaona hadi chini ya kikombe. Nyeusi namna hii ni ile ya kuivishwa. Unarundika majani, unayamwagia maji, unayafunika magunia, unayageuza, na ndani ya siku arobaini na kitu mtoto kawa kikongwe. Si mbaya, tumbo linaipenda sana. Lakini haikuwa mimi.

Mzee Kuang akanusa. Akapiga funda moja.

"Bwana Gao, hii imeivishwa. Ina miaka mitatu. Na ilikaa karibu na mtungi wa achari."

Junhao akaanza kuvichunguza viatu vyake.

"Baba!" nikafoka. "Umeniuza?"

"Nikuuze? Nimekunywa."

"Yote?"

"Taratibu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee Kuang akachukua kofia. "Junhao, twende." Na mchumba wangu, wallahi, akasimama kweli!

Baba akaingia jikoni, akarudi na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na karatasi, zile zile zilizofunga mikate yangu, kila moja kaiandika kwa kalamu.

"Ukiondoka, uondoke umesoma," akamwambia Mzee Kuang.

Mzee akasoma kwa sauti, kwa dharau kwanza.

"'Lixian kafaulu mtihani. Nafungua mmoja tu. Sita inatosha harusi.'"

"'Lixian kahamia Kunming. Nyumba imepoa. Mitano si haba.'"

"'Sikukuu ya mwaka mpya. Kazi nyingi, haji. Nimekunywa naye hivyo hivyo.'"

"'Wiki ya sita hajapiga simu.'"

Sauti yake ilikuwa imeshuka. Ujumbe wa baba nilikuwa naujibu kwa picha ya kidole gumba, basi, yamekwisha.

Alipomaliza ya sita, Mzee Kuang akaketi.

"Miaka thelathini nipo kwenye chai," akasema. "Karatasi kuukuu nazipika mwenyewe. Nazichovya kwenye maji ya chai, nazianika, naandika mwaka ninaoutaka. Hizi ndizo za kwanza za kweli kuzishika." Akapenga kamasi. "Lakini wewe mtu gani, unamaliza peke yako? Si ungeniita!"

Baba akacheka. Nami nikajua nimepata mume.

"Wewe uliyesimama haraka," nikamwambia Junhao, "kaa. Tutaongea."

Nilipokuwa narudisha karatasi kwenye kopo, nikaiona ya saba, imejikunja chini kabisa. Wino wake bado mbichi.

"'Leo wakwe wanakuja. Kipande cha mwisho. Nimekunywa na Lixian mwenyewe. Kapiga mafunda mawili. Mengine kawapa kuku.'"

Nikakaa chini sakafuni.

"Baba, ulikuwa nacho! Kwa nini hukumwekea Mzee Kuang?"

Akanishangaa. "Kwani ilikuwa chai yake?"

Nililia kope zote zikabanduka. Mzee Kuang alikuwa dirishani, anawatazama kuku kwa wivu.

Mwezi uliopita nimejifungua binti. Baba keshakandamiza mikate saba mipya, iko darini. Nilinunua kufuli nimpelekee, nikalirudisha dukani. Sasa nampigia kila Jumapili, na kila akipokea nauliza, "Mingapi?"

"Saba," anajibu.

Funzo langu ni hili tu: mzazi akikuletea kikombe, kinywe chote kwanza, kejeli baadaye. Na ile picha ya kidole gumba, watumie wateja.