Bia ya Ng'ambo ya Daraja

Jumamosi, kwenye kabare, baa ndogo jirani na daraja la Rusizi, upande wetu wa mpaka, mzee mmoja aliyekulia ng'ambo, Bukavu, aliionja bia yetu akaitema chini makusudi.

"Hii ni maji. Bia iko ng'ambo."

Mara mizinga ikalia upande wa Bukavu, daraja likafungwa. Mama muuza samaki wa huko, aliyekuwa hapo kabareni, akashika kichwa: "Batoto yangu beko kule!"

Mzee naye akashika chake: "Na bia yetu ya kule, maman, ilishavuka?"

Kisha akaagiza yale "maji", ila chupa ifunguliwe machoni pake, asije akatiliwa sumu.

Mwenye kabare akaifungua. "Usiogope, papa. Sumu inatafutaka moyo. Kwako itapotea njia."

Mzee akainywa yote. Nami nikaionea huruma bia.