Pomade ya Kiini cha Yai

Mi sikusoma sana. Niliishia darasa la tatu, nikaenda kuosha sahani katika hoteli moja ya mtaa wa Rohero, katikati ya mji, na huko ndiko nilikojifunza kitu kilichokuja kunila moyo. Mpishi mkuu alikuwa anachukua kiini cha yai, anakimwagia mafuta tone kwa tone huku anakoroga, kisha anatia siki. Vitu ambavyo ukiviacha kwenye bakuli vinakimbiana, yai linavishika pamoja. Ndiyo mayonezi hiyo. Alikuwa mkali yule bwana, siku moja alinipiga mwiko kwa sababu nilikoroga kushoto kisha kulia. Kila jioni alikuwa anamwaga iliyobaki, hata kama ni nusu bakuli, nami nilidhani ni tabia tu ya kuchezea chakula. Sikuuliza kwa nini.

Vita vilipoanza hoteli ikafungwa, nikarudi kwetu Buyenzi kutengeneza mafuta ya kujipaka, sisi tunaita pomade. Ni mafuta na maji, na hivyo viwili havipatani. Mtu wa duka la dawa aliniuzia nta nyeupe ya vipande vidogo inayoviunga, pamoja na kichupa cha matone ya kuzuia kuoza. Nikamuuliza kama nta ile haidhuru ngozi. Akacheka.

"Muzee, ndugu zake unawala kila siku! Kwenye mukate wako, kwenye margarini wako. Shida haiko kwa nta, shida iko kwa maji. Usisahau matone."

Nilishika neno la ndugu. La maji likanipita.

Mteja mmoja alikuwa anatoka Gihosha, mtaa wa mlimani ng'ambo ya mto, mama mmoja karani, ana binti wa mwaka mmoja. Ngozi ya yule mtoto ilikuwa inapasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti mpaka inatoa majimaji. Kumwogesha ilikuwa kilio. Pomade yangu ndiyo ilimtuliza. Mama yake alikuwa na vikopo viwili vilivyofungwa uzi mwekundu: akileta kitupu, anachukua kilichojaa.

Ikaja ambargo. Mipaka ikafungwa, nta ikaisha, matone yakaisha, hata mtu wa duka la dawa akaondoka, sijui wapi. Yule mama akaja, kikopo mkononi.

"Muzee, mutoto amerudia kulia. Nitampaka nini?"

"Rudi kesho, mama. Mi sitakuangusha."

Nikanunua mayai. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa unatengenezea watu saladi ya kujipaka?"

"Kitu mutu anakula, ngozi itakikataa kwa nini?"

"Basi ongeza na kitunguu!"

Nta nilikuwa naichemsha pamoja na maji. Yai huwezi, litaiva. Basi nikatumia maji ya vuguvugu kutoka kwenye pipa. Matone sikuwa nayo. Ikatoka nzuri, ya manjano, laini kuliko zote nilizowahi kukoroga. Nikajaza vikopo viwili. Kimoja akachukua yule mama, akanishukuru mpaka nikaona haya. Kingine, kisicho na uzi, nikampa mke wangu, alikuwa na mkwaruzo mkononi.

Siku ya nne mke wangu akafungua chake, akageuza uso. Maji yamekaa chini, mafuta juu, katikati madoa ya kijani. Mkwaruzo wake ulikuwa umevimba, una usaha. Hakunitania tena. Alisema neno moja: "Mutoto."

Nikatoka mbio, na hii miguu yangu mibaya ya siku zote. Kwenye daraja la mto Ntahangwa askari wamesimama, huko juu bunduki zinalia tangu asubuhi.

"We muzee, unaenda wapi?"

"Gihosha. Kuna mutoto anapakwa pomade yangu, imeoza. Niache nikawaambie waitupe."

Wakaangaliana, wakacheka mpaka mmoja akajishika kofia.

"Watu wanakimbia risasi, yeye anakimbiza pomade! Rudi nyumbani, babu."

Nikarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku mbili hizo nilikuwa nakaa uani natazama lile pipa la maji. Nilimkumbuka mpishi akimwaga mayonezi, nikaelewa, na kuelewa hakukunisaidia kitu.

Siku ya tatu wakafungua daraja. Nilipofika, nyumba ilikuwa wazi. Jirani yake, mwanamke wa makamo, alikuwa anafagia vioo vilivyovunjika kwenye ua wake.

"Ameondoka jana, na mutoto mugongoni. Mutoto alikuwa wa moto, ukimgusa unatoa mukono."

"Na viwiko?"

"Vimevimba. Masikini, kadiri vinavyovimba ndivyo anavyozidi kumpaka. Anasema dawa ni hiyo tu."

"Kikopo kiko wapi?"

"Godoro ameacha, sufuria ameacha. Kikopo amebeba."

Niliuliza sokoni, niliuliza msikitini, niliwauliza hata waliokimbilia Kongo wakarudi. Hakuna aliyemwona.

Nta ilirudi madukani vita vikiwa bado havijaisha. Kile kikopo chake kingine cha uzi mwekundu, kilichobaki kwangu, nilikijaza kwa nta safi na matone, maji nimeyachemsha mara mbili, nikakiweka juu ya kabati. Kikikauka, nakimwaga, najaza upya. Nilifanya hivyo miaka kadhaa. Yule mtoto, kama yupo, sasa ni mtu mzima, na kwa ngozi yake ana dawa nyingine. Kama yupo. Siku hizi sikijazi tena.