Siku Mke Wangu Alipokagua Nyumba

Mimi ni mwanamke na nilioa. Nalitanguliza hilo mapema kwa sababu wageni hulishangaa na kunikatiza hadithi. Kwetu Wakurya, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto wa binti huyo wakawa watoto wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mke wangu aliniita mama, mimi nikamwita mwanangu, na tulikuwa na watoto watatu. Tuendelee.

Miaka ile ya dhahabu nilikuwa na kibanda cha chakula kule machimboni. Wachimbaji wakipata, wanakula nyama na kulipa bila kuuliza bei. Nikaona niwahi kabla neema haijakauka, ninunue nyumba Tarime mjini, karibu na soko, tutoke kwenye kibanda cha maturubai. Lakini kulikuwa na jambo lililoninyima usingizi. Mchimbaji mmoja, kijana mtanashati kweli, alikuwa amemwambia mke wangu atanirudishia ng'ombe wangu wote, amchukue wakaishi Mwanza. Ng'ombe wakirudi, mke ameondoka. Kimila watoto wangebaki kwangu, lakini watoto wanaomlilia mama yao usiku utawafanya nini? Nilimuuliza waziwazi: "Unakwenda?" Akasema, "Mama, twende kwanza tukaione hiyo nyumba." Basi.

Tukaenda. Weee, nilivyoiona tu nyumba ile moyo ulinilipuka! Ilikuwa ya mzee seremala, Mwislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Alikuwa anaiuza ili akaishi na binti yake kule Mugumu. Kuta za matofali ya kuchoma, mlango wa mninga mzito ambao aliuchonga kwa mikono yake, baraza la kuweka viti vinne. Nilimwamkia shikamoo haraka haraka, kisha nikaanza kugonga kuta kama mtu anayedai chake.

Dalali alikuwa kijana aliyefika juzi tu, akifuata harufu ya dhahabu kama wengine. Kila nikiuliza kitu, anamjibu mke wangu. Mwishowe akamuuliza, "Dada, mzee atakuja lini kuiona? Mambo ya nyumba ni vizuri mume awepo."

"Mume ni mimi," nikasema.

Akacheka. Nikamkazia macho mpaka kicheko kikaisha chenyewe. "Sikiliza, mura, kijana wewe. Ng'ombe nilitoa mimi. Nyumba nanunua mimi. Una swali lingine?" Mzee seremala alikohoa akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Yeye amekaa na sisi miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa.

Nilikagua kila kitu. Nilipiga sakafu kwa kisigino nikisikiliza penye uwazi. Nilinusa pembe za vyumba, maana nyumba yenye unyevu haifichiki puani. Nilichokonoa fremu za madirisha kwa msumari nikitafuta mchwa, nikakuta pembe moja imeliwa, nikafurahi mno, kwa sababu nyumba isiyo na kasoro huwezi kuiombea punguzo. Kisha nikaamuru tufunge milango na madirisha yote, tusimame gizani tuangalie juu. Bati bovu hujisema lenyewe. Tukaona vitundu vitatu vya mwanga, basi. Bati la zamani hilo! Siku hizi unauziwa karatasi. Nilipiga makofi peke yangu mle gizani.

Mke wangu hakupiga. Alikuwa akitembea kimya, anaingia chumba, anatoka, anarudi kilekile. Nilijisemea, haya, anaaga. Furaha yangu yote ikawa na mwiba ndani yake, na nikazidi kupayuka ili nisiuhisi. Nikasifu choo. Nikausifu hata mpapai wa jirani.

Tukatoka barazani. Mzee akasema kuna mnunuzi mwingine anayeitaka, lakini yule anataka kuibomoa ajenge stoo ya vifaa vya machimboni. "Nimelea watoto humu," akasema. "Ningependa ipate watu. Mtaishi wangapi?"

Swali dogo tu. Nikafungua mdomo, nikakosa jibu. Mimi! Mimi ninayewatukana wachimbaji mbele ya sufuria mpaka wanakaa foleni! Nilijua hesabu ya watoto, nilijua hesabu yangu, lakini sikuweza kumtaja yeye bila yeye kujitaja. Nikamtazama. Nilikuwa naogopa, nasema kweli.

"Watano," akasema mke wangu. "Watoto chumba cha nyuma, kina hewa. Mimi cha katikati. Mama atalala hiki cha mbele, maana asipoona nani anapita barabarani ataumwa. Na hilo dirisha lililoliwa na mchwa, babu, utalitengeneza wewe kabla hatujahamia. Bei yako pia imetuzidi, tutaiongea."

Mzee akasema lahaula, huyu ni mkali kuliko mume wake. Dalali akabaki anatutazama kwa zamu.

Nilimvuta mke wangu pembeni ya baraza. "Na yule wako wa Mwanza? Akija na ng'ombe wake nimwambie nini?"

Alikuwa akilipima lile dirisha kwa mikono, hakugeuka hata kidogo.

"Mwambie zizi limejaa," akasema. "Nishikie hapa, mama, nione pazia litatosha."