Chungu Ambacho Moto Haukukigusa

Harufu ya simenti mbichi hunifanya niinamishe kichwa hadi leo. Niwaambie kwa nini, maana bibi yangu alikuwa akisema aibu ukiifungia ndani, inazaa.

Volkano ilipokwisha kufunika sehemu kubwa ya mtaa wa Murara, mjini Goma, akina mama wa kanisa walianza kuupamba ukuta wa kanisa wa mawe meusi kwa vigae vya vyombo vilivyovunjika. Kazi yenyewe ni rahisi: unapaka simenti, unabonyeza kigae kwa dole gumba, unangoja kishike. Sharti lilikuwa moja tu: kila mmoja alete kigae kutoka nyumba yake iliyoungua. Watoto wenzangu walileta vipini vya vikombe, wakasimulia, wakakumbatiwa.

Nyumba yetu, mtaani Mapendo, ilikuwa imepona.

"We Neema, leta yako basi!" Aline alinicheka. "Ao kwenu moto uliwaogopa?"

Kesho yake nilichukua chungu cha mama cha maharage, nikakipiga kwenye jiwe nyuma ya choo, nikavipaka vipande masizi. Nilisema nimevifukua kwetu, chini ya lava. Mama Furaha, aliyepoteza nyumba na duka, alifuta machozi, kisha akabonyeza kigae changu katikati ya ua kubwa la vigae, mahali alipokuwa amejiwekea mwenyewe.

Jumapili mama alisimama mbele ya ukuta ule. Kigae changu kilikuwa kipande cha mdomo wa chungu, chenye alama za kucha za bibi, aliyekifinyanga. Mama alikibeba chungu hicho kichwani kutoka Masisi siku tulipowakimbia waasi. Vingine vyote aliviacha.

"Pole, mama Neema," Mama Furaha alimwambia. "Nyumba, vyombo, vyote. Mutoto ametuelezea."

Mama alinitazama. Neno lake moja lingetosha kunivua nguo mbele ya watu.

"Asante, mama," alijibu. "Tunashukuru Mungu, watoto walipona."

Jioni alipika maharage kwenye sufuria, akanipakulia mimi wa kwanza. Heri angenichapa.

Kwa miaka mingi nilidhani alinifichia aibu tu, na ni kweli alinifichia. Lakini nakumbuka pia alivyoishika mikono ya Mama Furaha, akachelewa kuiachia. Tulipoingia Goma kutoka Masisi, wakimbizi walikuwa wengi mno. Hakuna aliyetuambia pole. Pole ya kwanza mama yangu aliyowahi kupewa ilimfikia kwa uongo wangu, kwa moto usiokuwa wake, na ilimgharimu kitu pekee alichokuwa amekiokoa.