Musherekha Ndani ya Bwawa

Maji yanayong'aa mpaka unahesabu vigae vya chini yanawezaje kugeuka chai ya rangi huku unayatazama? Mchungaji aliniuliza hivyo mbele ya kanisa zima, na mimi, msomi wa chuo kikuu, nikakodoa macho tu. Mpaka leo nikikumbuka nataka kujificha.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, nikapata kibarua katika hoteli moja hapa Kakamega, kumsaidia Mzee Andati kutunza bwawa dogo la kuogelea. Mama alikuwa akiahirisha ubatizo miaka nenda miaka rudi kwa kuogopa mto (aliwahi kuzama akiwa mtoto, akavutwa kwa nywele), basi nikamwomba meneja ruhusa abatiziwe bwawani, mahali anapoona chini. (Mimi mwenyewe ubatizo nilikuwa nauhoji, lakini mama ni mama.)

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, Mzee alichota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia, yakawa njano.

"Hii iko na asidi, itawachoma macho," akasema. "Magadi ya bwawa ikitoka Kisumu tutaweka kikombe moja, tungoje, tupime tena."

"Kwa nini kimoja? Kwa nini tungoje?"

"Wee msichana, unaulizanga mpaka maji inachoka!"

Nikajiambia, nyanya kule Iguhu ana musherekha, ile chumvi anayochuja kutoka majivu ya maganda ya maharage ili mboga zilainike, na kama inaondoa ukali wa mboga, bwawa ni nini? Jumapili alfajiri, kabla Mzee hajafika, nikamwaga bwawani madebe manne yote niliyoyaleta jioni kutoka kwa nyanya, nikatia na klorini ya siku hiyo, nikapima, ikatoka nyekundu kabisa, yaani nimepitiliza, nikasema itatulia.

Haikutulia. Waumini walifika wakiimba, mama mbele na gauni jeupe alilojishonea, akashuka ngazi moja moja akitazama vidole vyake, na wimbo haujafika ubeti wa tatu maji yakaanza kuwa manjano, kisha kahawia, mama yuko ndani mpaka kifuani.

"Sioni miguu yangu!" akapiga kelele. "Mchungaji, sioni chini!"

Akatoka mbio, gauni limeingia rangi ya kutu, akanielekezea kidole. "Ningetaka matope si ningeenda mto Isiukhu? Wewe na masomo yako!"

Mzee Andati alinusa maji. "Mboga iko wapi?" akauliza, na kanisa zima likaangua kicheko, isipokuwa mama.

Alikaa mwaka mwingine mzima bila kubatizwa. Tangu siku hiyo naendelea kuuliza maswali, lakini sigusi kitu cha mtu kabla sijajibiwa.

Jibu la mchungaji nililipata nikiwa mtu mzima: maji ya kisima cha ile hoteli yalikuwa na chuma tangu mwanzo, kimeyeyuka, hakionekani, na asidi ile ile niliyoiondoa ndiyo iliyokuwa ikikificha, kisigeuke kutu.